Dakika 27 Angani, Saa Nane Njiani: Mafunzo Niliyopata Kati ya Kariakoo, Unguja na Pemba

Februari 2022, saa tatu asubuhi, nilikuwa nakunjua jora la kitenge mbele ya mteja kwenye fremu yangu karibu na Mtaa wa Kongo, simu ya mama mdogo ikaita kutoka Wete, Pemba. Mama amelazwa tangu usiku. Nikamjibu neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Mwambie asiwe na wasiwasi. Unguja na Pemba kwa ndege ni nusu saa tu, nafika sasa hivi."

Nusu saa ilikuwa kweli. Siku ile ndege iliniweka angani dakika 27. Lakini niliingia wodini saa kumi na moja na nusu jioni, na mama alikuwa amekataa chakula cha mchana ili ale nami. Mama mdogo aliniambia kwamba tangu saa nne alikuwa akimuuliza kila anayepita mlangoni kama ndege imekwisha tua. Mgonjwa mwenye homa, amekaa na njaa saa saba kwa sababu ya hesabu yangu mbovu.

Tangu siku hiyo ninaandika kila safari nyuma ya daftari la madeni ya dukani: nimefunga saa ngapi, nimepanda saa ngapi, nimebisha hodi saa ngapi. Haya ndiyo niliyojifunza humo.

1. Safari huanza unapofunga fremu

Naweka hesabu ya siku ile kama nilivyoiandika. Nilifunga saa 3:10 asubuhi. Ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam kwenda Pemba nilizopiga simu kuziulizia zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nikapanga kwenda Unguja kwa boti kisha nirukie kisiwa cha pili. Kupiga simu, kukusanya fedha kwa wadaiwa wawili wa mtaa wa nyuma, kumkabidhi kijana wa dukani funguo na kufika bandarini Kivukoni kuliniingiza kwenye boti ya saa 6:30 mchana. Hizo ni dakika 200, na sijatoka hata ndani ya jiji. Boti ilichukua dakika 110. Kushuka, ukaguzi wa mizigo na teksi mpaka uwanja wa ndege wa Kisauni, dakika 45. Kusubiri uwanjani, dakika 55. Angani, 27. Kushuka Pemba na kupata gari, 18. Kutoka uwanjani kwenda Wete, 45.

Jumla dakika 500. Saa nane na dakika 20, na kati ya hizo ndege ilichukua 27.

Anayeijua Kariakoo ataelewa zile 200 za mwanzo. Hapa hatua 300 zinaweza kuwa safari. Asubuhi mitaa ya Kongo, Mchikichi na Narung'ombe imezibwa na maguta yaliyosheheni marobota, kirikuu zinashusha, machinga wamepanga bidhaa mpaka katikati ya njia, na mteja kutoka Tunduma amesimama na mabegi manne akitafuta bajaji. Ukitaka kutoka upesi, unatembea kwa miguu mpaka Msimbazi au Lumumba, ndipo unachukua bodaboda. Nimejaribu kuita teksi ije mlangoni. Dereva alinipigia mara tatu kutoka mahali pale pale.

Uwanja wa Julius Nyerere uko kama kilomita 10 kutoka sokoni, njia ni moja, Barabara ya Nyerere. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, lilitupunguzia sana adha ya yale makutano. Hata hivyo daftari langu lina safari ya dakika 25 na lina safari ya saa moja na dakika 40, njia ile ile, mwezi ule ule. Kwa hiyo ninapopanga naiweka ile ndefu. Ile fupi ikitokea, namshukuru Mungu na kunywa chai uwanjani.

2. Kilomita 125 unaweza kuzipata mwenyewe kwa kikokotoo cha dukani

Hili nililipata kwa bahati. Kwenye ndege ndogo za Caravan, zinazobeba abiria kama 12 hivi, abiria mmoja mara nyingine hukalishwa kiti cha mbele, pembeni mwa rubani. Siku moja Kisauni nikawa mimi. Kabla hatujaondoka nikaona kwenye kioo chake imeandikwa 67. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba Unguja hadi Pemba ni kilomita 125, nikamuuliza kama leo tunapita njia ya mkato.

Alicheka kwa upole, akanieleza tulipokuwa tumetulia juu ya bahari. Marubani na mabaharia hupima kwa maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Maili hiyo imetolewa kwenye dunia yenyewe: ukigawa duara la dunia kwa nyuzi 360, na kila nyuzi kwa dakika 60, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Akaniambia nikifika nyumbani nijaribu.

Nilijaribu usiku huo huo, kwenye kikokotoo kile kile ninachopigia bei. Uwanja wa Unguja uko takriban latitudo nyuzi 6 na dakika 13 kusini. Wa Pemba, nyuzi 5 na dakika 15. Tofauti ni dakika 58. Kwa longitudo, Unguja ni nyuzi 39 na dakika 13 mashariki na Pemba ni nyuzi 39 na dakika 48 hivi, tofauti 35. Basi Pemba iko maili 58 juu na maili 35 kulia. Hapo ni kanuni ya Pythagoras tuliyoikariri sekondari bila kujua itatufaa wapi: 58 mara 58 ni 3,364, 35 mara 35 ni 1,225, jumla 4,589, kipeuo chake cha pili ni 67.7. Zidisha kwa 1.852, unapata kilomita 125.

Njia hii inafaa kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako dakika ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo. Huko Ulaya longitudo zinabanana kadiri unavyopanda kaskazini, ungelazimika kupunguza kwanza. Na kwa umbali mfupi kama huu mviringo wa dunia hauleti tofauti ya kuonekana.

Kilichonigusa zaidi ni lile neno. Dakika 58 na dakika 35 za dunia, na dakika 27 za saa. Nilikuwa nimezichanganya zote kuwa kitu kimoja, nikazituma kwa mgonjwa kama ahadi.

3. Ndege ya kasi haiokoi muda kwenye mruko mfupi

Watu huniambia, "Subiri ile kubwa, inakimbia zaidi." Kwa Mwanza ni kweli. Kwa Pemba faida ni ndogo sana. Caravan ikienda maili 160 za baharini kwa saa, zile 67.7 ni dakika 25. Ndege ya injini mbili yenye kasi karibu mara mbili ingepaswa kutumia 13, lakini haifiki huko: ikimaliza kupanda, wakati wa kushuka umekaribia, na mwendo wake wa juu inautumia kwa muda mfupi katikati. Dar es Salaam hadi Unguja, kilomita kama 73, ndiyo kabisa. Sauti ya injini inabadilika kwa kushuka kabla hujamaliza kutazama visiwa vya Bongoyo na Mbudya nyuma yako.

Ndege kubwa ina abiria wengi wa kupanda na kushuka, na mabegi mengi ya kusubiri. Dakika ulizozipata angani unazirudisha chini.

4. Kaskazi na kusi bado zina usemi

Babu zetu walipanga mwaka mzima kwa pepo hizi mbili. Nilidhani injini zimezimaliza. Daftari likanikanusha.

Kutoka Unguja kwenda Pemba unaelekea kaskazini-mashariki, huko huko kaskazi inakotoka. Kati ya Desemba na Machi ndege inaikabili uso kwa uso. Upepo wa maili 20 kwa saa ukipunguza zile 160 kuwa 140, safari inakuwa dakika 29. Ukirudi nao mgongoni, unapata 180, na dakika 23 zinatosha. Ndiyo maana Februari ile kwenda kulinichukua 27, na kurudi wiki iliyofuata nikaandika 23.

Kusi ina jambo lake. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini-kusini, na ndege huruka ikiukabili upepo. Kwa hiyo Julai tunaondoka tukiipa Pemba kisogo, tunapita juu ya maji, ndipo tunageuka. Mara ya kwanza nilishtuka nikidhani tunapelekwa Mafia. Upepo unakusukuma vizuri baadaye, lakini dakika chache zimekwisha kwenda kwenye mzunguko.

Mvua za masika ndizo zinazovunja mipango kabisa. Wingu likikaa juu ya Chake Chake, ndege inasubiri Unguja, nawe unasubiri pamoja nayo. Aprili sipangi kurudi siku moja kabla ya jambo muhimu. Naacha siku mbili.

5. Saa ya tiketi na saa yetu lazima zitamkwe zote mbili

Mwaka uliopita nilituma kifurushi cha vipuri vya cherehani kwa mpwa wangu Chake Chake. Fundi mmoja alikuwa na sare za shule za kushona na cherehani imekufa. Ujumbe nilioupata ulisema ndege inatua 10:15. Nikaunakili kama ulivyo, nikamtumia. Mpwa wangu, mtoto wa kisiwani aliyelelewa kwa saa za adhana, alifika uwanjani saa kumi na robo. Jioni. Kifurushi kilikuwa kimetua saa nne na robo asubuhi, kimekaa juani, na aliyekuwa nacho alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Fundi akapoteza siku nzima, na wazazi wakaja kudai sare.

Simlaumu kijana hata kidogo. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na tofauti ni saa sita kamili. Sasa naandika hivi: "Inatua saa nne na robo asubuhi, kwenye tiketi imeandikwa 10:15." Na nikimkatia tiketi mtu mzima, nampigia simu na kumwambia kwa mdomo, kisha namwomba anirudishie yeye. Akisema vizuri, nakata simu nikiwa na amani. Nawaomba wote wanaouza tiketi za visiwani wafanye hivyo pia, maana abiria wao wengi ni wazee wanaokwenda matibabu na mazishi.

6. Kilo 15 ni kilo 15

Mfanyabiashara wa Kariakoo hasafiri mikono mitupu, na kwao wanajua. Ndege ndogo nyingi huruhusu kilo 15 tu, na mara nyingi hata abiria hupimwa uzito. Rubani anahesabu kila kilo, na ana haki: roho zetu zimo humo. Mizigo yangu ya madira naituma kwa meli siku tatu kabla, kupitia wakala. Mimi napanda na mkoba, dawa za mama na mkate wa ajemi.

7. Kwa Unguja boti na ndege ni sare. Kwa Pemba si sare

Nimelipima hili mara nyingi kuliko jambo lolote. Kutoka Kariakoo hadi Mji Mkongwe kwa ndege: saa moja na nusu ya kufika na kuingia uwanja wa Nyerere kwa usalama wa foleni, saa moja ya kusubiri, dakika 20 angani, kisha kutoka na teksi kutoka Kisauni. Kwa boti: Kivukoni ni jirani, unaweza hata kufika kwa miguu ukiwa huna mzigo, boti haizidi saa mbili bahari ikiwa shwari, na unashuka mjini penyewe, Mji Mkongwe uko mbele ya pua. Zote mbili kwangu ni saa tatu na kidogo, na nauli ya boti ni ndogo. Mwenye shughuli za mjini Unguja apande boti.

Pemba ni jambo lingine, na hapa sizungumzii dakika peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuelekea Pemba, imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wetu hawakurudi. Mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyoondoka hapa Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Asubuhi ile ya Septemba fremu za Wapemba hapa Kariakoo zilifungwa moja baada ya nyingine. Wengine walikuwa wanasoma majina kwenye simu, wengine wamekaa tu chini mbele ya mageti. Nilikuwa na miaka miwili tu katika biashara. Nililia na watu ambao mpaka leo sijui majina yao.

Boti zimebadilika sana tangu wakati huo, nami napanda. Lakini mama yangu hajapanda tena chombo cha bahari kuvuka mkondo ule, na sitamshawishi. Kwake zile kilomita 125 za angani hazilinganishwi na bei wala na saa. Anavuka kwa ndege, au habanduki Wete. Kila anayepanga ratiba na nauli za njia hii ajue kwamba ndani ya ndege ile ndogo wamo watu wa namna hiyo, ambao hawana njia ya pili.

8. Umbali sawa si safari sawa

Shoga yangu anauza vyombo vya plastiki hatua chache kutoka Mtaa wa Mafia, naye kwao ni Mafia hasa, Kilindoni. Tulipolinganisha madaftari tulishangaa: Dar es Salaam hadi Mafia ni kilomita kama 126, karibu sawa kabisa na Unguja hadi Pemba. Ndege yake ni dakika 30 hivi kama yangu. Lakini uwanja wa Kilindoni, uliotiwa lami kwa fedha za mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini na Marekani mwaka 2008, uko mjini mle mle. Anashuka, anachukua mkoba wake, anatembea mpaka kwao. Mimi nikishuka nina kama kilomita 30 za barabara mbele yangu, na nikichelewa nisipate gari la kwenda Wete, napoteza muda kuliko ule wote niliokaa angani.

Akitaka kwenda Mafia kutoka Unguja, hali inageuka. Kwa mstari ulionyooka ni chini ya kilomita 200, lakini mara nyingi lazima arudi Dar es Salaam kubadilisha ndege, na mchana wote unakwisha kwenye viti vya kungojea.

Kwa hiyo sasa mtu akiniuliza ni mbali kiasi gani, namuuliza kwanza anatoka mlango upi na anakwenda mlango upi.

Mama alitoka hospitali siku ya nne, na yuko vizuri. Simwambii tena dakika za ndege. Nafungua daftari, natafuta safari mbaya kuliko zote za msimu huo, naongeza nusu saa, ndipo napiga simu. Mwezi uliopita nilimwambia, "Mama, nitafika Magharibi, usinisubiri kula." Nilifika saa kumi na dakika 40. Alikuwa amekwisha kula mchana wake, amelala kidogo, na ameniwekea sahani yangu imefunikwa.